Harufu ya Mvua Kwenye Koti

"Kama hukuiba maji, hii harufu ya mvua imetoka wapi?" fundi cherehani alimwuliza Daktari, koti jeupe kalishika kwa ncha za vidole kama ushahidi wa mahakamani.

Sote tulikuwa uani. Bomba halikuwa limetoa hata tone tangu Jumatatu, mapipa yamekauka, na kweli koti lile lilinukia ardhi iliyonyeshewa. Pua ya fundi haidanganyi. Ndiyo hutwambia nani kaunguza mchuzi na nani kalaza mgeni. Akadai Daktari ana pipa la siri chumbani.

Huyu Daktari hatibu mtu. Ni mpangaji wa chumba cha mwisho, anafuga bakteria wa udongo, nasi tukampa cheo hicho nusu heshima, nusu utani. Akaeleza kwamba harufu ni ya bakteria wake. Hata udongo ukilowa, wanaonukia ni wao. Fundi akasema kumbe uongo nao husomewa chuo kikuu.

"Basi twende ukawanuse mwenyewe, mama," Daktari akasema. "Leo naangalia sahani zangu za mwisho ninazooteshea bakteria. Zisipoonyesha kitu, mkuu wa maabara anaifunga kazi yangu ya miaka mitatu."

Fundi akajitanda mtandio. Mimi nikafuata, kesi haiendi bila shahidi.

Njiani tukapewa somo. Bakteria yule ana jeni zenye maagizo ya kutengeneza dawa inayoua bakteria wengine, ila kuna jeni nyingine inayozizima, kama mlinzi aliyekalia funguo. Huko udongoni, maisha yakimbana, mlinzi hulegea. Maabarani anakula na kusaza, basi mlinzi habanduki. Daktari alikuwa na washukiwa watatu, hajui mlinzi ni yupi, kwa hiyo kila sahani ilikuwa na bakteria aliyenyofolewa jeni moja kati ya hizo. Fundi akasema mlinzi huyo anamjua, ni wifi yake mtupu.

Maabara ilikuwa chumba kidogo, stuli mbili na kabati la chuma linalovuma. Lilipofunguliwa, harufu ya mvua ikatupiga usoni. Fundi akavuta pumzi ndefu, akanusa koti la Daktari, akanusa kabati tena. Harufu ni ileile.

Sahani ya kwanza, vijidudu vya majaribio, vile vinavyotakiwa kuuawa na dawa, vilikuwa vimetanda mpaka vikagusana na kidoa cha bakteria wake: hakuna dawa. Ya pili vilevile. Daktari akaweka kalamu chini, ya tatu akaisogeza kando bila kuitazama. Fundi, aliyetunga uzi kwenye sindano miaka thelathini, akaiinua kwenye taa.

"Mbona hapa pameliwa duara?"

Kweli, kidoa cha kijivu kilikuwa kimezungukwa na duara safi lisiloota kitu: dawa imetoka, mlinzi kapatikana. Daktari akalipima kwa rula mara tatu, kisha akakaa kwenye stuli akicheka huku machozi yanamtoka. Mkuu wa maabara akaitwa, naye akapima, akasema kazi iendelee.

Nyumbani walikuwa bado wanangoja hukumu ya maji. Fundi akawatangazia kwamba dawa imepatikana na aliyeiona kwanza ni yeye. Mdomoni mwake sahani tatu zikawa ishirini. Radhi hakuomba, sijawahi kumsikia akiomba. Binti yake alikuwa ameshapakua, na Daktari alikuwa anajipitia zake kuelekea chumba cha mwisho, fundi akamshika mkono.

"Unakwenda wapi na njaa hiyo, mwanangu? Ingia tule."