Mafuriko ya Mzee Kornelio

Kimbunga chenyewe hakikufika Mgogozi. Kilitua pwani, kikaishiwa nguvu njiani kama wageni wengi wanaoahidi kufika katika kitongoji hiki kilichoko kati ya kijiji cha Ulaya na Mikumi, na kilichowasili hatimaye kilikuwa upepo wa alasiri moja na mvua ya siku nne. Vilitosha. Nyumba thelathini na moja za udongo zililainika, zikakaa chini.

Miezi mitatu baadaye lilikuja shirika moja na michoro ya nyumba isiyokaa chini: msingi ulioinuliwa, mkanda wa zege juu ya madirisha, paa la migongo minne, na kenchi, yaani mbao za kubebea bati, zilizofungwa ukutani kwa vyuma, ili upepo ukitaka bati ulazimike kuchukua na nyumba nzima. Kazi iliongozwa na Injinia Letisia, mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyekuwa na futi ya chuma kiunoni na tabia ya kuandika kila alichoambiwa. Kila kaya aliiuliza swali lilelile: maji yalifika wapi?

Mzee Kornelio alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Aliwahi kuwa karani wa shamba la mkonge kwa miaka ishirini na miwili, na kazi hiyo ilimwachia imani kwamba kila fomu ina jibu ambalo yenyewe inalitamani. Tena alikuwa ameshuhudia misaada ya mafuriko mengi. Aliyelowa magoti hupewa blanketi; aliyelowa kifua hupewa blanketi na unga. Kwa mantiki hiyo, nyumba nzima haiwezi kutolewa kwa maji ya chini ya kichwa. Basi asubuhi ya ukaguzi alichovya ufagio katika tope, akapiga mstari ulionyooka vizuri katika ukuta mmoja uliobaki umesimama.

"Shikamoo, mzee," alisema Letisia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye msiba."

"Poleni sana. Maji yalifika wapi?"

Kornelio alinyoosha kidole juu ya kichwa chake. Letisia alivuta futi.

"Mita mbili na sentimita kumi. Na nyinyi mlikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani, chini ya maji?"

"Mwanangu, tuliteseka."

Letisia aliandika.

Aliyekuwa akisikiliza kutoka ng'ambo ya ua ni jirani wa Kornelio, Mzee Mudi, ambaye babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge. Kornelio ni Msagara. Wawili hao ni watani, na utani huko si mchezo, ni sheria. Mtani anaweza kukutukana msibani mbele ya jeneza, na wewe unatakiwa kumpa chakula.

"Mtani," aliita Mudi, "mimi niko bondeni kuliko wewe, na maji yalinifika kiunoni. Hayo yako yalipita wapi? Yalipanda basi la Mikumi?"

"Yalikuruka. Hata maji yana watu wasiopenda kugusana nao."

"Basi wewe ni samaki kambale, na hiyo ndiyo sababu ya masharubu."

Letisia aliwatazama wote wawili, akaenda kwa Mudi, akapima kiuno chake, akaandika pia.

Wiki mbili baadaye alirudi na michoro. Alieleza kwa utulivu kwamba kanuni ya mradi ni moja: sakafu hukaa sentimita thelathini juu ya alama ya maji. Kwa Mzee Kornelio, kwa hiyo, sakafu ingekuwa mita mbili na arobaini kutoka ardhini, nayo ingefikiwa kwa ngazi kumi na nne. Na kwa kuwa kila kaya hupewa idadi ileile ya tofali, zile ambazo zingemezwa na msingi zisingeweza kuwa kuta. Juu kungebaki chumba kimoja.

Kornelio aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Ulifanana na banda la njiwa.

Chumba kimoja kingevumilika. Kisichovumilika kilikuwa ngazi, kwa sababu Kornelio aliishi na mama yake. Bibi Teresia alikuwa na miaka themanini na sita, akili ya mwanamke wa arobaini na magoti ambayo hayakuwa ya mtu yeyote. Kwa miezi mitatu alikuwa amelala chini ya turubai bila kulalamika, akitaka jambo moja tu: mlango ambao angeweza kutoka mwenyewe, kwenda juani na kurudi, asimwombe mtu mkono. Bila mlango huo angepelekwa Kidodi kwa bintiye Debora, ambako malori ya miwa hutimua vumbi mchana kutwa na Debora hutoa mawaidha muda wote uliobaki.

Njia ya kutokea ilikuwa moja na fupi: kusema ukweli. Lakini Kornelio alikuwa na hakika kwamba atakayekutwa na uongo atafutwa kwenye orodha, mama yake abaki chini ya turubai. Kwa hiyo alijaribu njia ndefu. Alimwambia Letisia kwamba tope la mafuriko limeinua ardhi, hivyo msingi unaweza kupungua. Letisia aliandika. Alimwambia kwamba yale hayakuwa maji yaliyosimama bali wimbi, moja tu, lililopita haraka. Letisia aliuliza lilitoka upande gani, akaandika.

Siku hiyohiyo fundi wake aliunyoosha mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi huutumia kulinganisha vimo, kutoka kwenye alama ya Mudi hadi kwenye kiwanja cha Kornelio. Hakuna aliyeeleza ni kwa nini, na Kornelio hakuuliza. Karani mzoefu hujua maswali ambayo majibu yake si rafiki.

Asiyeweza kutegemewa kunyamaza alikuwa Bibi Teresia. Siku zote nne za mvua alikuwa kitandani, akiangalia kandambili zake zikielea sakafuni kwa heshima, hadi udongo wa kuta ulipoanza kumeguka na mwanawe akamtoa mgongoni.

"Mama, usiseme kitu," Kornelio alimwomba.

"Mimi sijaulizwa."

"Na ukiulizwa?"

"Sikuzaa mwongo. Kama umesema maji yalitupita kichwani, basi nilizama nikasahau."

Mradi ulikuwa na desturi moja zaidi. Kabla ya zege kumwagwa, mafundi husimamisha jukwaa la mirunda na mbao katika kimo halisi cha sakafu, na kila mwanakaya hupanda kutia dole gumba akiwa huko juu, ili baadaye asije akasema hakujua. Jumamosi asubuhi jukwaa la Kornelio lilisimama, ngazi kumi na nne kamili, na kitongoji chote kilikuja, maana mbali na msiba na mnada wa ng'ombe, Mgogozi haipati maonyesho mengi.

"Bibi atatia dole hapa chini," alisema Kornelio.

"Haiwezekani, mzee," alijibu Letisia. "Sakafu ni yake pia."

"Nitapanda," alisema Bibi Teresia kutoka kwenye kiti chake. "Nibebe."

Kornelio aliinama, mama yake akapanda mgongoni, na safari ikaanza. Ngazi tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Katika ya nne Mudi alianza kuhesabu kwa sauti, na watu wakamfuata. Katika ya sita Kornelio alishika mrunda. Katika ya saba alisimama, akahema, akatazama juu, akatazama chini, na kote hakuona faraja.

"Mtani!" aliita Mudi. "Hapo maji hayajakufika hata masikioni! Endelea, utazama sasa hivi!"

"Kornelio," Bibi Teresia alisema karibu na sikio lake, lakini si kwa sauti ndogo. "Maji yalifika wapi?"

"Mama, twende."

"Wapi? Huwezi kupanda nami na huwezi kunishusha. Nina nafasi ya kusubiri."

Watu walinyamaza. Hata Mudi alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kurekodiwa.

"Magotini," alisema Kornelio.

Letisia alifungua daftari. "Magoti ya nani, mzee?"

Kornelio alimweka mama yake sawasawa mgongoni.

"Ya mbuzi."

Vicheko vilipokwisha, Letisia alisoma bila kubadili uso: "Sentimita ishirini na tano. Mpira ulituambia hivyo wiki iliyopita. Sakafu yako ni sentimita hamsini na tano, ngazi tatu, vyumba vitatu."

"Sijafutwa?"

"Ufutwe kwa nini? Nyumba unapewa kwa sababu yako ilianguka. Kimo cha maji tuliuliza kwa ajili ya msingi tu. Lakini nisingeweza kukibadili bila wewe kutamka. Fomu ni yako, umeisaini."

Kornelio, aliyekuwa amedanganya kwa bidii kupata kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo, aliomba ruhusa ya kushuka.

"Kushuka wapi?" alisema Bibi Teresia. "Tumefika nusu. Tangu nizaliwe sijapanda mahali pa juu kuliko kitanda. Nipandishe nione."

Alipanda. Ngazi saba zilizobaki zilimchukua muda mrefu kuliko misa ya Pasaka, na Mudi, aliyeshindwa kuvumilia, alikuja nyuma akimsukuma kwa mabega yote mawili huku akimwita gunia la mashudu. Juu, Bibi Teresia aliwekwa kwenye mbao, akatengeneza khanga yake, akaona mto, mashamba ya mahindi, milima, na upande wa chini, mbele ya meza ya Letisia, foleni ambayo haikuwapo dakika tano zilizopita.

"Yule si Yared?" aliuliza. "Aliyesema maji yalimfika shingoni? Na Odilia nyuma yake. Na mwenyekiti! Mwenyekiti naye alizama?"

"Kifuani, Mama," alisema Kornelio, akiwa amelala chali.

"Anashusha. Naona mkono wake. Umefika mapajani. Sasa umefika... hee, mwenyekiti!"

Kabla ya adhuhuri, mafuriko ya Mgogozi yalikuwa yamepungua kwa wastani wa sentimita themanini.