Vidonda Chini ya Ulimi

Jumanne, saa moja asubuhi, Nabiha aliachia titi akalia, na kwenye chuchu ya mamake kulikuwa na damu. Kache alijifuta, akajitazama. Hakuwa na jeraha. Damu ilitoka chini ya ulimi wa mtoto, mahali ambapo jino alilozaliwa nalo lilimkwaruza kila aliponyonya. Alikuwa na wiki tatu duniani, na alizidi kukonda.

Mama mkwe wa Kache, Bi Mwanarusi, alikuwa barazani na jirani.

"Kigego hicho," alisema. "Mwana azaliwaye na jino huja kuwazika wazazi wake. Akikataa titi, mwateni afe."

Alipofunga mdomo, alikuwa na kidonda chini ya ulimi, cheupe katikati, chekundu pembeni, sawa na cha Nabiha. Jirani alilipeleka neno hilo, kigego, kwa dadake, nao wakapata vyao kabla ya adhuhuri. Kufikia Alhamisi, mtaa mzima wa Kuze ulikuwa ukinywa chai iliyopoa, na duka la dawa lilikuwa limeishiwa dawa ya kusukutua. Hakuna aliyeacha kulisema. Walilisema polepole, kwa upande wa ulimi usiouma.

Mume wa Kache alisema mamake ndiye ajuaye.

Ijumaa, Kache alimfunga mtoto kwa leso akaenda Makadara, kwa daktari wa meno aitwaye Nanjala. Wanawake wa Kuze walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Jino halijalegea, silitoi," alisema Nanjala. "Shida ni makali yake. Nitayalainisha, kidonda kifunge chenyewe."

"Na wale wa nje?"

"Wale hawana jino linalowakata, mama. Wakinyamaza, watapona."

"Wakinyamaza, watakufa," alisema Kache.

Kulainisha jino kulikuwa kwepesi kuliko kumtuliza mwenye jino. Kisha Nabiha alinyonya palepale kitini, titi la kushoto, halafu la kulia, akalala.

Siku ya arubaini, ulimi wake ulikuwa mzima na mashavu yamejaa. Kache alimpitisha kwa wageni waliokaa mkekani. Hakuna aliyenyoosha mikono. Alipofika kwa mkwewe, alimlaza mtoto mapajani pake.

"Mtazame, mama. Amepona."

Bi Mwanarusi alimfungua mtoto mdomo, akachungulia.

"Kigego," alisema.

Damu ilimchuruzika Bi Mwanarusi kidevuni. Aliifuta kwa ncha ya leso, akamrudisha mtoto kwa mamake, akalisema tena.