Nililoliita Pambo

...na huyu karani amekohoa kwa nini, mtu hakohoi hivyo bila mafua, kile kilikuwa kikohozi cha kusema, kimekuja palepale nilipotamka "ni pambo tu", si kabla wala si baada, nami kalamu ninayo mkononi, karatasi iko mbele yangu, saini ya dada yetu mdogo haijakauka vizuri, ameiandika taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na kabla ya kuiandika alinyoosha kidole akaniuliza, "Profesa, hili hereby ndiyo nini?" sasa mimi mbele za watu niseme sijui? mimi ninayeusomea ukoo mzima barua za Kiingereza, za hospitali, za shule, za idara ya maji, pale ninapoelewa naeleza na pale nisipoelewa natia chumvi, na hakuna aliyewahi kufa kwa chumvi yangu... nikamwambia, "Hilo ni pambo tu, dada, wanasheria hawawezi kuandika bila mapambo, ni kama vifungo vya mgongoni mwa kochi, ving'oe vyote, kochi litabaki kochi," akacheka, akasaini, karani akakohoa...

"Haya, zamu yako, mheshimiwa," anasema kaka, mheshimiwa! tangu lini, huyu kaka yetu mkubwa anayeniita Domokaya tangu tukiwa watoto, leo ameniita mheshimiwa mara tatu, tena amenipisha kwenye ngazi, na anayekupisha kwenye ngazi anataka kukuona mgongo, halafu akanivutia kiti hiki, mimi fundi wa makochi bwana, kitambaa hakinidanganyi, juu ngozi mpya inang'aa, chini mbao imeliwa na wadudu, nimeisikia ikilia nilipokaa, ofisi ya wakili na viti vya namna hii, na wakili mwenyewe yuko nyuma ya kioo anacheka na simu yake, anacheka nini... nimeusoma mstari mara nne, I hereby surrender my share in the house to my brother, maneno mengine yote nayajua, nyumba naijua nimezaliwa humo, fungu langu nalijua, surrender ni askari ameinua mikono juu, na kaka tangu jana anatueleza kwamba haya ni makubaliano ya huko mbele, atamjengea dada vyumba viwili kwanza, ndipo nyumba ya mama iwe yake aibomoe apendavyo, kwanza vyumba halafu nyumba, ndivyo alivyosema, kwa sababu dada hana pengine, alimuuguza mama humo miaka sita, cherehani yake iko humo dirishani, wateja wanamjua kwa dirisha lile... sasa mbona vyumba sivioni, nageuza karatasi, nyuma nyeupe.

"Kaka, vyumba viko mstari gani?"

"Hayo si tulishaongea, ndugu kwa ndugu? Au huniamini?"

"Nakuamini," nasema, mdomo huu nao, "nataka tu kujua lugha walivyoipanga," na karani bila kuinua uso anasema, "Zinatakiwa saini tatu, mzee, bila ya tatu hii haiendi popote," mbona ananiambia mimi, ya kaka na ya dada zimo tayari, mbona amekazia ya tatu, amelipiga neno kama msumari... hereby, hereby, nimewahi kukutana nalo mahali, halikuwa kwenye harusi... barua ya kiwanda cha magodoro, karatasi ya manjano, you are hereby dismissed, nikaisoma kibingwa nikasema aa, wananitisha, watanifukuza nikiendelea kuchelewa, kesho yake nikapiga shati pasi, nikafika getini kabla ya king'ora, mara ya kwanza maishani kuwahi, na mlinzi, tuliyekuwa tukichangia sigara moja, akaniwekea kiganja kifuani, "Jina lako halimo, ndugu," nikamwuliza limetoka lini, akasema, "Tangu barua ilipotiwa saini. Wewe umelala na kazi uliyokuwa huna"... na nyumbani nikasimulia nimeacha kazi mwenyewe, meneja kanishika mkono wa shati, machozi yanamtoka, kila mwaka machozi yanaongezeka, mwaka jana alipiga magoti.

Kumbe nalijua, miaka kumi na saba nalijua, si pambo na si ahadi, ni neno linalofanya, palepale wino unapogusa karatasi jambo limeshakuwa, hakuna kwanza wala halafu, hakuna vyumba, dada kaketi hapo anafunga mkoba wake na fungu lake halimo tena, limetoka kama jina langu getini, linangoja saini yangu tu, na kaka hakumwambia uongo hata mmoja kuhusu neno hili, hakuwa na haja, alijua dada hasaini mpaka mimi nisome, alinileta mimi... nami nakaa hapa nashuku viti, nashuku vikohozi, nashuku mtu anacheka na simu yake.

Niseme, basi, na nikisema watauliza umejuaje, na yule meneja itabidi ainuke, ajipanguse magoti, aende zake mbele ya kaka, mbele ya karani, na Profesa amfuate nyuma...

"Saini basi, watu wana kazi," anasema kaka.

"Mwache, anasoma," anasema dada, kisha ananiinamia, "mbona kalamu haishuki, kaka yangu?" na uongo mzuri umeshafika ulimini, mzima, umepigwa pasi, wa kalamu mbovu za ofisi hizi, naona utakavyowachekesha, naumeza, unashuka kwa shida, kalamu bado iko hewani, naanza na neno kiwanda.