Aliyefunga Hesabu

"Elfu moja mia tisa themanini na sita," alisema Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji, akamrudishia fomu. "Watu wa mtihani wanataka saa elfu mbili kamili za upasuaji. Umepungukiwa na saa kumi na nne, mwanangu. Siwezi kutia sahihi."

Mama Mashaka alibaki amesimama. Jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu haamini kitu mpaka akiguse. Miaka mitatu amewakabidhi madaktari mikasi na koleo. Leseni hai anayo, barua ya udhamini anayo, kilichobaki ni saa tu. Kesho jioni maombi ya mtihani yanafungwa, na asiye na cheti cha upasuaji mwaka ujao anarudishwa wodini.

"Kwenye kijitabu changu zimetimia, Sista."

"Basi kijitabu chako kikupe cheti."

Ebo! Akatoka. Alikuwa akimshuku Sista yule siku nyingi. Mtu gani hufungia daftari la saa kabatini kama dhahabu? Tena ana mpwa wake anayeitaka nafasi humo ndani.

Rafiki yake Kicheko, muuguzi mwenzake ambaye saa zake zilitimia wiki iliyopita, alimnong'oneza wakinawa mikono: "Kikulacho ki nguoni mwako, shosti. Yule mama hakupendi."

Maneno yalimwingia. Akarudi ofisini bila kubisha hodi.

"Sista, nataka kuliona daftari."

"Unanishuku?"

"Ndiyo."

Sista Mkuu alimtazama, akacheka kwa pua, akatoa ufunguo. "Afadhali wewe unayesema. Kaa uhesabu mwenyewe."

Alihesabu. Alipitisha kidole mstari kwa mstari akitafuta palipofutwa, hakupaona. Alipofika mwezi wa sita, kidole kikasimama. Upasuaji wa nyonga, saa nne nzima: juu jina lake kama aliyeanza; chini, penye sahihi ya aliyefunga hesabu, jina la Kicheko.

Hapo kwao, kabla mgonjwa hajashonwa, wauguzi wawili huhesabu kwa sauti shashi za kufutia damu, isije moja ikabaki mwilini, na anayefunga hesabu ndiye anayeandikiwa saa zote. Kila mtu anaijua kanuni hiyo, naye anaijua. Ila mwezi ule mama yake alikuwa wodini, hawezi kushika hata kijiko, na kila ikikaribia mwisho Kicheko aliingia: "Nenda kamlishe mama, shosti. Nitakumalizia." Akaenda mbio bila kuuliza nani atatia sahihi, na saa akaziandika kijitabuni mwake kama kawaida. Kurasa nne. Saa kumi na nne.

"Kwa nini hukuniambia, Sista?"

"Nilidhani mmepatana."

Iliuma, jamani. Mama alifariki mwezi wa saba, na hadi siku ya mwisho alilishwa kwa mkono wa mwanawe. Huo ulikuwa wema au ujanja? Alijiuliza mpaka kichwa kikamgonga.

Sista Mkuu alilifunga daftari. "Kuna kazi leo, kuna kazi kesho. Usipomwachia mtu, zitatosha."

Alishika zamu mchana huohuo. Mgonjwa wa kwanza, wa pili. Wa tatu alipokaribia kushonwa, miguu ilikuwa inawaka moto. Mlango ukafunguka, akaingia Kicheko, barakoa usoni.

"Umesimama tangu saa ngapi, shosti? Nenda kanywe chai. Nitakumalizia."

Mama Mashaka alimwangalia. Macho aliyaona. Mdomo, kama ulikuwa unacheka au haucheki, ulikuwa nyuma ya kitambaa.

"Niko sawa," alisema. "Wewe nisaidie kuhesabu tu. Sahihi naweka mimi."

Wakahesabu kwenye trei. "Nane, tisa, kumi," alimaliza Kicheko. Zilikuwa kumi, idadi ileile ya mwanzo. Hata Mama Mashaka alizihesabu kumi.

"Tuhesabu tena."

"Shosti, si zimetimia?"

"Tena."

Daktari alisubiri, sindano mkononi. Mgonjwa alikuwa amelala, hana habari.

"Moja," alianza Kicheko, na safari hii sauti yake haikuwa na kicheko chochote. Mama Mashaka akainama, akaigusa shashi ya kwanza kwa ncha ya koleo.