Njia ya Punda Wachanga

Siku iliyofuata Krismasi, mwaka ule bendera ilipobadilishwa, Kitsao muuza maji alitoka na viatu miguuni, jembe begani na mtungi wa maji mkononi. Punda wake alimwacha amefungwa nyuma ya duka la Yeslam, pale Changamwe, ambapo wauza maji wenzake walikuwa wakipaka ekseli za magari yao ya punda mafuta ya nazi, tayari kwa mbio.

"Mbona humfungi punda garini?" Yeslam akamwuliza.

"Mwaka huu napita langoni kwa miguu yangu. Si tumepata Uhuru?"

"Haya, enda. Lakini twakungoja."

Mbio hizo zilizaliwa na ubishi wa wauza maji: nani ana punda mchanga wa kufika na madebe yamejaa? Punda anayepiga shoti humwaga. Anayekwenda miguu miwili ya kulia pamoja, kisha miwili ya kushoto, huyumba kama mlevi lakini hamwagi. Basi sheria ikawa hiyo: punda asiyetimiza meno, na akipiga shoti ametoka. Mshindi alipewa kanzu na Yeslam, na ruhusa ya kujigamba mwaka mzima.

Njia ilipita katikati ya mikorosho, kando ya nyumba ya Kitsao, hadi relini. Halafu ikaja kampuni ya mafuta. Mikorosho iling'olewa, nyumba zikabomolewa, seng'enge ikazungushwa na matangi yakainuka. Watu waliambiwa wahamishe vyombo vyao. Habari ya makaburi hakuna aliyeiuliza. Nyevu, mkewe Kitsao, akabaki ndani.

Mwaka ua ulipojengwa, wazee wa mbio walikubaliana kuuzunguka. Punda hawakuwamo kikaoni. Walishika njia waliyoizoea, wakaipenya seng'enge na magari yao kama watu wapenyao pazia la mlango, wakapita ndani ya matangi na kutokea upande wa pili wakinuka mafuta ya taa. Punda wa Faraj peke yake ndiye aliyepiga shoti, na Faraj akagonga ua, akang'oka jino. Tangu hapo hakuna aliyebishana tena juu ya mwendo.

Punda aliyetimiza meno hakupenya, hata aende vizuri vipi, wala siku nyingine ya mwaka haikufaa. Kitsao alijaribu, punda akaumia pua. Alikuwa ameomba ruhusa pia: askari wa lango alimtuma ofisini, ofisi ikamrudisha kwa askari. Kwa hiyo alinunua punda mchanga, na kila mwaka akasimama katikati ya mbio, akang'oa majani kaburini, akamwaga maji, akazungumza na mkewe mpaka wenzake wote wakafika relini. Yeslam alimtania kwamba kanzu yake itaozea dukani. Kitsao hakujali kanzu. Kilichomuuma ni kumtembelea mkewe kwa haraka, kama mwizi.

Langoni alimkuta askari mpya, kijana wa bara aitwaye Mwangi, sare yake ingali na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kwa mke wangu, yuko humo ndani."

Mwangi alimwonyesha bango, kwa upole kabisa. Zamani lilikuwa la Kizungu, na Kitsao, aliyejifunza kusoma Kiswahili tu kanisani, hakuwa akijua lasema nini. Sasa lilikuwa limepakwa upya, rangi haijakauka, limeandikwa kwa Kiswahili safi: HAKUNA RUHUSA KUINGIA.

"Umelielewa, mzee?"

"Nimelielewa sana."

Aliporudi, wote walikuwa juu ya magari yao wakimngoja. Punda wake alikuwa ameshafungwa garini. Yeslam mwenyewe ndiye aliyemfunga. Kitsao alivua viatu, akapanda.

Punda alikwenda vizuri. Seng'enge iliwapitisha, tangi likawapitisha, na alipofika kwa Nyevu akateremka. Alimweleza kila kitu: bendera, ngoma zilizokesha, watu waliolia kwa furaha, naye akiwamo. La bango hakulitaja. Majani yalipokwisha, alimfungua punda kinywa akamtazama, kisha akamwambia mkewe kwamba mwakani itabidi atafute mwingine mchanga. Huyu meno yake yamekaribia kutimia.