Kutazama Mwisho wa Uwanja

Wegesa Mugeta hakuwa na urefu. Alikalia mto ili aone juu ya pua ya ndege. Hakuwa na miwani nyeusi kama ya marubani wa kwenye kalenda. Hakuwa na ndugu hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Na sasa hakuwa na muda. Baba yake, Mzee Mugeta wa Butiama, asiyeamini simu, alikuwa amemwandikia: "Mtama ukiisha kuvunwa nawe hujarusha ndege peke yako, rudi nyumbani ufundishe shule kama wenzako. Nijibu kwa barua." Mtama ulikuwa umeshaanza kuvunwa.

Kuruka hakukumshinda. Kilichomshinda ni kushuka.

Asubuhi moja ziwa lilitulia kama maziwa kwenye kibuyu. Mwalimu wake, Kepteni Masatu, mtu wa Murangi, alikaa naye katika ndege ya viti viwili, wakafuata barabara mpaka Bunda, ambako malori ya pamba yalionekana kama hayaendi, kisha wakageuza. Kwa mbali bati moja la Butiama lilimeta mara moja, likazimika. Huko juu Wegesa alikuwa kama mtu anayeota, anajua kwamba anaota, na hataki kuamshwa.

Halafu Musoma ilitokea, na mawe yake, na maji pande zote.

"Tazama mwanzo wa lami," Masatu alimwambia. "Lami ikitulia palepale kwenye kioo, uko sawa. Ikipanda kwenye kioo, uko chini mno, ongeza moto wa injini. Ikizama chini ya pua, uko juu mno, punguza."

Yote hayo aliyafanya vizuri. Lakini ardhi ilipokaribia, macho yake yalishuka mpaka mbele ya gurudumu, na ndege ikapiga lami, ikaruka kama chura, ikapiga tena.

"Wegesa! Unatafuta nini huko chini, sindano?"

"Hapana, Kepteni."

"Karibu na chini unahamisha macho, unatazama mwisho wa uwanja. Mbali! Ukitazama puani huwezi kujua umebakiza kimo gani."

"Ndiyo, Kepteni."

Mara ya pili ikawa vilevile. Masatu alifuta jasho. "Binti, kwa hali hii siwezi kukuachia ndege."

Wegesa alikaa mtaa wa Kamunyonge, hapo Musoma, kwa shangazi yake, Matrida. Jioni hiyo aliweka kigoda uani, akashika sahani kwa mkono wa kushoto iwe usukani, na mwiko kwa mkono wa kulia uwe wa kuongeza na kupunguza moto. Akafumba macho, akaanza kunong'ona. Shangazi alikuwa anachambua dagaa.

"Unampikia nani hewani?"

"Natua, shangazi. Nyamaza kidogo."

"Unatua! Na ndege yenyewe ya mwiko." Alicheka mpaka dagaa wakamwagika. Kisha akaacha kucheka. "We Wegesa, rudia hapo mwisho. Mbona unainamaga? Umekutana na nani, baba mkwe?"

Wegesa alifumbua macho.

Nyumbani kwa Mzee Mugeta, mtoto anayemkaribia mkubwa hupunguza mwendo, huinamisha kichwa, hushusha macho miguuni, na kungoja. Mwili wake haukujua namna nyingine ya kufika. Ardhi ilipomjia, pana na ya zamani, alikuwa anaiamkia.

Alimweleza shangazi. Matrida aliwaacha dagaa. Alikwenda kusimama mwisho wa ua, penye michongoma, akakunjua kitenge chake.

"Haya, tua. Nitazame mimi. Na usinionee haya!"

Walitua hivyo mpaka ugali ukapoa.

Ijumaa Wegesa alitua mara mbili bila ndege kuruka kama chura. Kabla ya mara ya tatu mwalimu alifungua mlango, akateremka.

"Zunguka mara moja, uniletee ndege. Itakuwa nyepesi bila mimi, usishtuke."

Ilikuwa nyepesi kweli. Ziwa lilipita chini polepole, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu kama vile hakijawahi kukaliwa. Aligeuza, akaupata uwanja kwenye kioo, mwanzo wa lami ukatulia. Ardhi ikaja. Akasikia shingo yake ikianza kulegea. Akainua uso, akatazama mbali, pale lami ilipoyeyuka katika mwanga wa maji, na ndani ya mwanga ule aliona kama kitenge cha shangazi kikipepea. Akaondoa moto wote. Akainua pua kidogo, akaizuia ndege isiguse, akaizuia tena, nayo ikaelea juu ya lami kama inayowaza. Magurudumu ya nyuma yaligusa taratibu kiasi kwamba aliendelea kungoja.

"Nimetua, Kepteni?" aliuliza alipoisimamisha ndege penye majani.

"Mwandikie baba yako kwamba umetua," alisema Masatu, aliyeijua ile barua, akicheka.

Mchana ule Wegesa aliandika: "Baba, shikamoo. Leo nimeruka peke yangu na nimerudi. Sitakuja kufundisha. Nikija nyumbani nitainamisha macho mbele yako kama ulivyonilea, lakini ardhi naomba niikaribie nikiwa nimeinua uso. Jumamosi ijayo njoo Musoma, usimame mwisho wa uwanja, nje ya uzio, upande wa ziwani. Huko ndiko nitakakokuwa natazama."

Alilamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja, akampa konda wa gari la Butiama.

"Ya nani hii, dada?"

"Mzee Mugeta. Mpe mkononi."

Konda aliiweka mfukoni mwa shati, akagonga bati, na gari likaondoka.