Kushuka kwa Lambert

Jumanne hiyo mchana Zabibu alikuwa amepiga magoti sakafuni chumbani kwake, ghorofa ya pili, pini mdomoni, akimpimia Lambert pindo la joho. Lilikuwa joho jeupe la satini, lililotokana na mabaki ya bitana za magauni ya arusi, na mikono yake ilikuwa mipana kiasi cha mtu kuweza kuficha kuku humo. Lambert alikuwa mlinzi wa ghala huku Sauzi, kule Midrand, mtu wa Uvira, mwembamba na mpole. Ila Jumapili baada ya ibada alisimama kando ya televisheni katika saluni ya Brigitte, chini ya jengo lao hapo Jules Street, akawafasiria watu filamu za Kichina za mapanga kwa Kiswahili. Joho lilikuwa la kazi hiyo. Kichina hakukijua. Alisema maneno yote yako usoni.

Alikuwa ameshawafundisha namna ya kutazama. Msiangalie panga, aliwaambia, angalieni nguo. Kule mtu hafi haraka. Kwanza mkono wa joho unapaa, halafu nywele zinafunguka, halafu jani linapita mbele ya macho yake, na muda wote huo kila aliyepo anapata nafasi ya kuona ni nani aliyemuua. Ndiyo maana kisasi chao hakiendi kwa mtu mwingine.

Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika. Wenye jengo walitaka wapangaji wahame, na walikuwa wameanzia kwenye maji. Brigitte alikuwa kwenye ngazi akilalamika kwamba ana mteja mwenye dawa kichwani na hana tone la kumwoshea. Lambert akasema koki ya tangi anaijua, iko juu ya paa.

"Vua kwanza, pini zitakuchoma," Zabibu alimwambia.

"Niko narudi sasa hivi, mama."

Baada ya kitambo Zabibu alisikia sauti mbili huko juu, ya Lambert na ya Chris, meneja wa jengo. Hazikuwa za ugomvi. Alitoa kichwa dirishani. Aliona mikono miwili yenye sweta la buluu imenyooka ukingoni mwa paa, viganja wazi, na Lambert ameshaachana na paa kinyumenyume, joho limetanda. Akafumba macho. Alipoyafumbua, Lambert alikuwa bado pale pale.

Alikuwa anashuka, lakini kwa mwendo wa kitambaa kinachozama kwenye beseni. Watu walitoka madukani wakasimama. Brigitte aliuliza kutoka chini kama koki imefunguka. Lambert akajibu kwamba hakuwahi.

Inspekta alifika jioni. Zabibu alimweleza alichokiona, akamwonyesha ile mikono, ambayo bado ilikuwa imenyooka juu ya paa, peke yake. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kesi ya kifo inahitaji marehemu.

"Huyu bado yuko njiani, mama. Akifika, nipigie."

Wakati huohuo Chris alikuwa akitoka mlangoni. Sweta lake la buluu liliishia mabegani, nyuzi zinaning'inia. Inspekta alimgusa bega kumsalimia, wakaongozana hadi kwenye gari.

Basi maisha yakaendelea. Chris alifungua milango kwa kiuno, na alipoongea na wapangaji aliegemea ukuta kama mtu aliyefunga mikono nyuma. Wenye jengo waliona anateseka, wakamtafutia mtu wa kumshikia funguo. Aliyeichukua kazi hiyo alikuwa Othmani wa Tanga, mpangaji mwenzao, ambaye kila Jumapili alikuwa akikaa mstari wa mbele saluni.

"Ni kazi tu, Mama Lerato," alimwambia Zabibu walipokutana kwenye ngazi. "Nisipoichukua mimi, atachukua mwingine."

Zabibu alimpita, akaendelea kupanda. Lerato lilikuwa jina la bintiye, aliyezaliwa Morogoro na baba wa Kisauzi, mkimbizi wa siasa. Baba huyo aliwaleta huku kwao baada ya uhuru, kisha akafariki. Lerato alikuja mara moja kutoka kazini kwake, akamtazama Lambert, akamwambia mama yake kwa Kizulu ahamie mtaa wa Rosettenville, asisubiri kufukuzwa. Zabibu alisema ana nguo za watu za kumalizia.

Mvua, ambazo huku hunyesha kiangazi, zilimkuta Lambert usawa wa ghorofa ya tatu. Zilinyesha kote kwa kasi, ila kumzunguka yeye matone yalining'inia, na taa za magari zikiyapiga yaling'aa. Wapangaji wa ghorofa hiyo walifunga mapazia. Walisema si kwa ubaya, ni kwamba watoto hawamalizi kula. Jumapili watu walijipanga kwenye lami chini yake, kwa kuwa saluni ilikuwa haina tena mfasiri, naye aliwafasiria filamu kwa kumbukumbu kutoka huko hewani, akibadili sauti, ya bwana, ya mtumwa, ya msichana mwenye upanga.

"Sasa huyu mwenye nguo nyeupe," alisema Jumapili moja, "anafikiri bado anaongea na rafiki."

Watu waliinua macho kuitazama mikono, wakayainamisha, wakaenda kutafuta chakula.

Alipofika usawa wa ghorofa ya pili, Zabibu aliisogeza cherehani yake dirishani. Pindo la joho lilipita kwanza, na pini zake zote. Hakupenda kazi yake iende mbele za watu hivyo. Aliegemea nje, akatoa pini moja baada ya nyingine na kulishona kwa mkono, mshono mdogo usioonekana, na kila alipofika mwisho wa uzi Lambert alikuwa amemshukia kidogo zaidi. Hatimaye nyuso zao zikawa sawa. Alikuwa amekonda, na ukungu ulikuwa umemlala kwenye kope.

"Nikikuvuta uingie?" Zabibu aliuliza.

"Hapana kunivuta, mama. Nikiingia, itakuwa hakuna aliyeanguka."

"Basi shuka. Nitasema nilichokiona."

"Sema," Lambert alisema. Halafu, kwa sauti ya yule msichana wa filamu, akaongeza, "Lakini usiseme peke yako." Kidevu chake kikapita chini ya kizingiti cha dirisha.

Alifika Alhamisi, saa za kazi. Aligusa lami kwa ncha ya kidole cha mguu na kusimama wima, kama wanavyosimama wale wa filamu juu ya mianzi. Akatazama huku na huku barabarani. Kisha uzito wote aliouacha njiani ukamfikia kwa mkupuo. Kishindo kilisikika hadi kwenye robot, zile taa za barabarani za kona.

Zabibu alipiga simu. Inspekta alikuja upesi safari hii, akasikiliza, akauliza ni mikono ya nani. Wote waliinua macho. Ukingo wa paa ulikuwa mtupu. Chris alikuwa mlangoni akisugua vidole vyake ili vipate joto.

"Chris ana mikono yake yote miwili, mama," inspekta alisema kwa upole.

Zabibu aligeuka kumtazama Brigitte, na Brigitte akasema yeye alikuwa na mteja. Akamtazama Othmani. Othmani alitazama funguo alizokuwa ameshika, akasema yeye alikuwa ndani. Inspekta akaandika kwamba marehemu aliteleza.

Walimzika na joho lake. Matanga yaliwekwa chumbani kwa Zabibu, kwa kuwa Lambert hakuwa na ndugu hapa. Siku ya pili, watu wakiwa wamekaa mikekani, Chris aliingia, akavua kofia, akasema ni pigo kwa jengo zima. Akasema wengine wanahama wiki hii, ila Mama Lerato anaweza kukaa mpaka mwezi uishe, kwa heshima ya msiba. Akanyoosha mkono.

Zabibu alijua kwamba kule, katika zile filamu, hapa ndipo meza hupasuka na mmoja wa walioketi akainuka. Alisubiri. Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja wa kanisani alikohoa, akashusha kitenge chake magotini.

Zabibu akaupokea mkono wa Chris. Ulikuwa na baridi ya kitu kilicholala nje majira mazima ya mvua. Na ndani ya kiganja chake aliusikia ukinyooka wenyewe, polepole, bado unasukuma. Zabibu akarudi hatua moja nyuma, akasema asante.